Umiliki wa akaunti na ruhusa za wafanyakazi katika duka la mtandaoni: nywila moja, Shopify au WooCommerce?

Mwenye duka la mtandaoni akishapata mfanyakazi wa kwanza, hukutana na swali ambalo hakulitarajia: huyu ataingiaje? Oda zinasubiri, mteja anaulizia mzigo wake, na njia ya mkato iko mkononi. Unamtumia nywila kwa ujumbe wa simu, kazi inaanza. Nimewapangia watu maduka haya kwa miaka kadhaa, na mara nyingi huitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Mfanyakazi ameondoka kwa hasira, fundi hapokei simu, na mwenye mali amefungiwa nje ya duka lake mwenyewe. Ndiyo maana katika ulinganisho huu wa nywila ya pamoja na mifumo miwili ya kuendeshea duka, Shopify na WooCommerce, kila njia nimeipima kwa kipimo kimoja: itakuwaje siku mtakapoachana? Siku ya kuajiriana njia zote zinafaa. Ubora wa njia huonekana mtu anapoondoka.

Umiliki na ruhusa si kitu kimoja

Ruhusa ni uwezo wa kufanya kazi fulani ndani ya duka: kuona oda, kubadilisha bei, kumrudishia mteja pesa. Umiliki ni uwezo wa kuamua nani apewe ruhusa hizo, na pia wa kulifunga duka, kuliuza au kulikabidhi kwa mtu mwingine. Mfanyakazi anaweza kuwa na ruhusa zote za kila siku na asiwe na chembe ya umiliki. Kinyume chake hutokea pia, na ndicho kinachoumiza: mwenye mali ana ruhusa tele, lakini umiliki umeandikwa kwa mtu mwingine, naye hana habari.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza nguo za watoto. Mtaji wake, bidhaa zake, jasho lake. Fundi aliyemjengea duka alifungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe, akasajili domeini (anwani ya tovuti) kwa jina lake, kisha akamwongeza mama yule kama mfanyakazi mwenye ruhusa zote. Mwaka mzima ulipita bila yeyote kuona tofauti. Walipokosana kuhusu malipo, fundi alibofya mara moja tu na mama akawa nje. Duka tulilirudisha baada ya wiki kadhaa za kukusanya risiti, taarifa za benki na vyeti vya biashara. Domeini hatukuipata kabisa, ikabidi aanze na jina jipya. Sauti yake alipouliza, "Sasa wateja wangu watanipata wapi?" bado ninayo masikioni.

Umiliki wa duka la mtandaoni umegawanyika, na kila kipande kina mlango wake: akaunti ya jukwaa au seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), domeini, akaunti ya malipo, na barua pepe. Mzizi wa vyote ni barua pepe. Anayeweza kuifungua barua pepe ya mmiliki anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila kitu kingine. Kwa hiyo barua pepe ya mmiliki isiwe ile inayopokea maswali ya wateja, ambayo watu watatu wanaifungua kutwa. Na kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni: ukitumia barua pepe iliyo chini ya domeini ya duka lenyewe kama barua pepe ya mmiliki, siku domeini ikiisha muda wake bila kulipiwa, barua pepe nayo inakufa, na ujumbe wa kukurudishia umiliki hautakufikia. Tumia anwani isiyoitegemea domeini hiyo, au angalau uwe na anwani ya pili ya kurejesha akaunti iliyo mahali pengine.

Hayo yakiwa wazi, sasa tuzilinganishe njia zenyewe.

Njia ya kwanza: nywila moja kwa wote

Naielewa njia hii. Haina gharama na haihitaji kusoma chochote, na watu wanaoaminiana huona ni dharau kuanza kugawiana ruhusa. Maduka mengi ya kifamilia huanza hivyo.

Lakini tazama kinachofuata. Mteja analalamika kwamba oda yake imefutwa. Unafungua kumbukumbu za mfumo, na kila kitendo kimeandikwa kwa jina lako. Wafanyakazi wanne wanatazamana, na asiye na hatia hana namna ya kujitetea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nywila ya pamoja ni kulichana daftari hilo kwa mikono yako mwenyewe. Watu huiona njia hii kama ishara ya uaminifu. Mimi nimeona ikiuvunja, kwa sababu siku pesa ikipotea wote wanakuwa washukiwa.

Tatizo la pili ni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila na kisha kwa msimbo wa muda. Msimbo wa pili unakuja kwenye simu moja. Mwenye simu akiwa safarini, kazi inasimama, na baada ya wiki mbili za usumbufu watu huizima hatua hiyo ya pili. Hapo duka linabaki linalindwa na neno moja ambalo watu watano wanalijua, na ambalo limehifadhiwa kwenye simu tano na kompyuta ambazo huzijui idadi.

Kisha kuna kanuni. PCI DSS ni kiwango cha usalama kinachosimamiwa na baraza lililoundwa mwaka 2006 na kampuni za kadi, zikiwemo Visa na Mastercard. Kwa mifumo inayogusa data za kadi, kinataka kila mtumiaji awe na utambulisho wake peke yake, anayeondoka afungiwe mara moja, na akaunti isiyotumika izimwe au iondolewe ndani ya siku 90. Duka dogo linalotumia ukurasa wa malipo wa kampuni nyingine halibebi mzigo wote wa kiwango hicho, lakini hali hizo tatu ni kipimo kizuri kwa yeyote, na nywila ya pamoja inashindwa zote.

Siku ya kuachana unabadilisha nywila, na wafanyakazi wote waliobaki wanafungiwa nje pamoja na aliyeondoka. Kama uko peke yako dukani, njia hii haina tatizo. Mkishakuwa wawili, iache.

Njia ya pili: jukwaa la kukodi, mfano Shopify

Shopify ilianza kuuza huduma yake mwaka 2006 kutoka Ottawa, Kanada, na ni mfano mzuri wa majukwaa ambayo kampuni inakutunzia kila kitu nawe unalipa kwa mwezi. Hapa umiliki umewekwa bayana. Duka lina mmiliki mmoja, na wengine wote ni wafanyakazi au washirika wa nje. Kuhamisha umiliki ni jambo la mmiliki mwenyewe, na hufanyika ndani ya mipangilio ya watumiaji. Mfanyakazi hata akipewa kila ruhusa iliyopo hageuki kuwa mmiliki.

Kila mfanyakazi anaalikwa kwa barua pepe yake, anaweka nywila yake, na anawasha hatua yake ya pili ya uthibitishaji. Wewe unachagua vipande: oda, bidhaa, wateja, ripoti, mapunguzo, muonekano wa duka, mipangilio. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba kazi za oda zenyewe zimetenganishwa, kiasi kwamba anayeandaa mizigo si lazima awe na uwezo wa kurudisha pesa. Nitalirudia jambo hili mbele, maana hapo ndipo wizi mwingi mdogo mdogo hupitia.

Kasoro zake zipo. Idadi ya wafanyakazi inategemea kifurushi unacholipia, na vifurushi vya chini vinabana. Hilo ndilo linalowarudisha watu kwenye nywila ya pamoja: wana nafasi moja na wafanyakazi watatu, basi wote watatu wanaingia kwa jina la mmoja. Kabla ya kuchagua kifurushi, hesabu vichwa. Ukilinganisha gharama ya kifurushi cha juu na hasara ya oda moja kubwa iliyorudishiwa pesa kinyemela, mara nyingi hesabu inajieleza yenyewe.

Kasoro ya pili ni kwamba umiliki huu, pamoja na uwazi wake, ni wa mpangaji. Kampuni inaweza kuifunga akaunti ikiona umekiuka masharti, na ukigombana na mwenzio kuhusu nani mwenye duka, kampuni itataka nyaraka. Aliyeandikwa jina kwenye mfumo anaanza akiwa mbele.

Tena, mmiliki ni mmoja. Akiugua ghafla au akifariki, walioachwa hawana kitufe cha kubonyeza. Misimbo ya akiba ya uthibitishaji, ile ya kuingilia simu isipokuwepo, inapaswa kuwa kwenye bahasha mahali ambapo mwenzi au mrithi anapajua. Jambo hili watu huliahirisha kwa sababu si la kupendeza kulizungumza. Nawasihi msiliahirishe.

Siku ya kuachana unafungua orodha ya watumiaji, unamzima mmoja, wengine wanaendelea na kazi bila kujua kuna kilichobadilika. Kinachobaki ni kukagua programu alizounganisha yeye, kwa sababu programu iliyounganishwa na duka ina funguo zake na haiondoki kwa kuwa aliyeiweka ameondoka.

Njia ya tatu: duka lako mwenyewe, mfano WooCommerce

WooCommerce ilitoka mwaka 2011 kama plagini, yaani programu ya nyongeza, ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, na mwaka 2015 ikanunuliwa na kampuni ya Automattic. Unalipia seva, unaweka WordPress, unaongeza plagini, na duka ni lako kwa maana nzito zaidi kuliko kwenye jukwaa la kukodi: hifadhidata iko mikononi mwako, na unaweza kuihamishia kwenye seva nyingine wakati wowote.

Lakini angalia jinsi umiliki unavyojificha. Ndani ya WordPress hakuna mtu anayeitwa mmiliki. Kuna wasimamizi wakuu, nao wote wako sawa. Msimamizi uliyemuongeza leo asubuhi anaweza kukufuta wewe leo jioni. Mmiliki halisi ni mwenye akaunti ya seva, kwa sababu anayefika kwenye hifadhidata anaweza kujitengenezea msimamizi mpya dakika yoyote, hata kama alishafutwa kwenye dashibodi. Nimekutana na wenye maduka waliojivunia kuwa "admini" huku akaunti ya seva ikilipwa kwa kadi ya fundi. Hao wana ufunguo wa chumba tu, hati ya nyumba iko kwa mwingine.

Kwa upande wa ruhusa, WordPress ina majukumu matano ya kawaida: msimamizi mkuu, mhariri, mwandishi, mchangiaji na mfuatiliaji. WooCommerce inaongeza mawili, meneja wa duka na mteja. Hakuna kikomo cha idadi, na hilo ni faida kubwa kwa duka lenye watu wengi wa zamu.

Shida ni kwamba jukumu la meneja wa duka ni pana mno. Watu hulitoa kwa kila anayegusa oda, wakidhani ni la kati kwa kati. Meneja wa duka anaweza kuhariri bidhaa, oda, kuponi, ripoti, kurasa za tovuti, na pia mipangilio ya WooCommerce yenyewe, ikiwemo ya malipo. Maana yake anaweza kubadilisha namba ya akaunti ya benki ambayo wateja wanaonyeshwa wakati wa kulipa. Kijana uliyemuajiri kufungasha mizigo hapaswi kuwa na mkono unaofika huko. Ukitaka kugawa vizuri zaidi utahitaji plagini ya kuhariri majukumu, na mtu wa kuielewa.

Mwaka 2018 watafiti wa usalama walionyesha jinsi jukumu hili linavyoweza kuvuja. WordPress huhifadhi ruhusa za meneja wa duka ndani ya hifadhidata, ikiwemo ya kuhariri watumiaji. Kinachomzuia asiwahariri wasimamizi ni msimbo wa WooCommerce. Kosa mojawapo lilimruhusu meneja kufuta faili, akafuta faili la plagini yenyewe, plagini ikazimika, kizuizi kikaondoka, na ruhusa ikabaki. Hapo angeweza kubadilisha nywila ya msimamizi na kuchukua tovuti nzima. Lilirekebishwa katika toleo la 3.4.6. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jambo ambalo kwenye jukwaa la kukodi hulibebi: katika njia hii, kusasisha programu kwa wakati ni sehemu ya kulinda ruhusa za wafanyakazi wako. Duka lisilosasishwa kwa miezi sita halina majukumu ya kuaminika hata kama uliyapanga vizuri.

Kumbukumbu za nani alifanya nini zipo kwa sehemu tu. Oda huandikwa maelezo yake hali inapobadilika, lakini ukitaka kujua nani alishusha bei ya bidhaa fulani wiki iliyopita, lazima uwe umeshaweka plagini ya kumbukumbu za shughuli kabla tukio halijatokea.

Siku ya kuachana hapa ina hatua nyingi. Usikimbilie kumfuta mtu: WordPress itakuuliza kama maandishi yake yafutwe au yakabidhiwe kwa mwingine, na kwa haraka ya hasira nimeona watu wakipoteza kurasa nzima. Mshushe kwanza kwenye jukumu la chini, ubadilishe nywila yake, kisha ukague nywila za programu, yaani nywila za pekee ambazo programu nyingine huzitumia kuingia kwa jina lake. Hizi zilikuja na WordPress 5.6 mwaka 2020, na kubadilisha nywila ya kawaida hakuzifuti. Baada ya hapo kagua funguo za API za WooCommerce, ambazo programu za nje huzitumia kuwasiliana na duka na ambazo kila moja imefungwa kwa jina la mtumiaji, halafu akaunti za seva.

Zikiwekwa pamoja

| Swali | Nywila moja | Shopify | WooCommerce |
|---|---|---|---|
| Mmiliki ni nani? | Yeyote anayeiwahi nywila | Mmoja, ameandikwa kwenye mfumo | Mwenye akaunti ya seva |
| Idadi ya wafanyakazi | Haihesabiki | Inategemea kifurushi | Haina kikomo |
| Ruhusa zinagawanyika? | Hapana | Ndiyo, kwa vipande vidogo | Kwa majukumu mapana, hadi uongeze plagini |
| Kujua nani alifanya nini | Haiwezekani | Kuna kumbukumbu ya shughuli | Kwa sehemu |
| Kumwondoa mtu | Wote wanasumbuka | Anazimwa peke yake | Anaondolewa, kisha ukaguzi wa funguo na seva |

Kuhusu masoko ya mtandaoni kama Amazon na eBay nitasema kidogo, kwa kuwa hapo huchagui mfumo, unaukuta. Yote mawili yanakuruhusu kuongeza watumiaji wenye ruhusa zao chini ya akaunti yako, kwa hiyo hakuna sababu ya kugawa nywila ya muuzaji. Soma masharti kabla hujakubali kununua akaunti iliyokwisha kufunguliwa na mtu mwingine. Akaunti ya muuzaji si kitu cha kuuziana kama meza na rafu.

Fundi na wakala wa nje

Hawa ni kundi la peke yao, nami huwatenga na wafanyakazi kwa sababu kazi yao ina mwisho. Shopify imelipatia hili jibu zuri: fundi aliyesajiliwa kama mshirika anatuma ombi la kuingia, wewe unaona anaomba sehemu zipi, unakubali au unapunguza. Unaweza pia kudai msimbo wa ombi ili asiombe mtu usiyemjua. Akaunti ya namna hii haihesabiwi kwenye idadi ya wafanyakazi wa kifurushi chako, na hapa Shopify inaishinda WooCommerce waziwazi.

Kwenye WooCommerce fundi karibu kila mara ataomba kuwa msimamizi mkuu, na mara nyingi anahitaji kweli, kwa sababu kuweka plagini na kubadilisha muonekano kunataka ngazi hiyo. Mpe akaunti yake, kwa barua pepe yake, andika kwenye kalenda siku ya kuiondoa. Usimpe ya kwako. Akihitaji seva, watoaji wengi wa huduma ya seva wanaruhusu kuongeza mtumiaji wa pili. Na kama inawezekana, afanyie kazi kwenye nakala ya majaribio ambayo haina majina na simu za wateja wako halisi.

Kwa njia zote mbili, akaunti ya kwanza kabisa ifungue wewe, hata kama hujui kitu. Kaa na fundi, yeye akuelekeze, mkono wako ndio uandike barua pepe, nywila na kadi ya malipo. Ni nusu saa. Domeini nayo hivyo hivyo: anayetajwa kama msajiliwa awe wewe au kampuni yako, na arifa za kulipia zije kwako.

Nani apewe nini

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambayo bado ndiyo msingi wa kazi hii: kila mtumiaji awe na uwezo mdogo kabisa unaotosha kumaliza kazi yake. Kwenye duka kanuni hiyo inakuwa rahisi ukiuliza mtu huyu anafanya nini saa tatu asubuhi, badala ya kuuliza cheo chake.

Anayefungasha anahitaji kuona oda na kuziwekea alama ya kutumwa. Anayeingiza bidhaa anahitaji bidhaa na picha, oda hazimhusu. Mhasibu anasoma ripoti na oda, habadilishi. Mtu wa matangazo anahitaji kuponi na takwimu. Wote hawa ni rahisi.

Pagumu ni kwa mhudumu wa wateja. Anahitaji kumwona mteja, historia yake, anwani, simu, na mara nyingine amrudishie pesa papo hapo ili mteja atulie. Ukimnyima uwezo huo, kila lalamiko linakuja kwako. Ukimpa bila kipimo, umeweka droo ya pesa mahali ambapo hakuna anayehesabu. Ninachopendelea ni marejesho yote yapite kwa watu wawili: mhudumu anaandika ombi ndani ya maelezo ya oda, mwingine anabonyeza. Kwenye Shopify unaweza kulitekeleza hilo kwa ruhusa zenyewe. Kwenye WooCommerce ya kawaida anayeweza kuhariri oda anaona kitufe cha kurudisha pesa, hivyo bila plagini ya ziada itabidi utegemee makubaliano na ukaguzi wa kila wiki.

Kitu kingine cha kukipa uzito ni uwezo wa kupakua orodha ya wateja. Marejesho ya uongo utayaona kwenye benki, lakini orodha ya wateja ikinakiliwa hakuna kinachopungua, kwa hiyo hutajua. Septemba 2020 Shopify yenyewe ilitangaza kwamba watu wawili wa timu yake ya huduma walihusika katika njama ya kuchukua kumbukumbu za miamala ya wateja wa maduka yasiyofika 200. Watu hao walikuwa na ruhusa za kazi. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo imepatwa na hilo, duka la watu sita lisiache kitufe cha kupakua wazi kwa kila mtu. Mpe mmoja, labda wawili.

Usisahau akaunti ya malipo. Stripe na PayPal, kampuni za kupokea malipo ya mtandaoni, zina watumiaji na ruhusa zao, mbali na duka. Nimeona duka lililopangwa vizuri kabisa, kila mtu na jukumu lake, huku nywila ya akaunti ya malipo imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kompyuta.

Nichague ipi?

Kama ndiyo kwanza unaajiri, huna mtu wa ufundi unayemlipa mara kwa mara, na watu wako hawazidi idadi ya kifurushi unachokimudu, chagua jukwaa la kukodi. Kuachana na mtu kunachukua dakika moja, na dakika hiyo ina thamani kubwa siku ukiwa umechoka na umeudhika.

Kama una wafanyakazi wengi wa zamu, au biashara yako haiwezi kukubali kwamba kampuni nyingine inaweza kulifunga duka, WooCommerce inakufaa, kwa sharti kwamba kuna mtu anayeitwa kwa jina, mwenye kazi ya kusasisha na kukagua. Bila mtu huyo sikushauri, hata kama ni rahisi kwa pesa. Weka wasimamizi wakuu wawili, wewe na mtu unayemwamini, ili mmoja akipoteza simu mwingine awe ndani. Wasimamizi watano ni wengi mno.

Na kama leo uko kwenye nywila ya pamoja na huwezi kuhama wiki hii, anza na barua pepe ya mmiliki. Itoe mikononi mwa wengine, ibadilishie nywila, iwekee hatua ya pili kwa programu ya misimbo badala ya ujumbe wa simu, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli. Kesho yake ongeza mfanyakazi mmoja kwa jina lake. Mmoja mmoja, hadi nywila ya zamani ibaki haina mtu wa kuitumia, ndipo uibadilishe.

Mama wa nguo za watoto alilifungua upya duka lake, kwa jina jipya, kwenye jukwaa la kukodi. Barua pepe ya mmiliki anaifungua yeye, na misimbo ya akiba anayo binti yake. Domeini mpya imesajiliwa kwa jina la biashara. Mwaka uliofuata aliajiri fundi mwingine kumbadilishia muonekano, akamkubalia ombi lake la ushirika kwa sehemu mbili tu, na kazi ilipokwisha alinitumia picha ya skrini: orodha ya watumiaji, yeye na wasichana wake wawili wa oda, jina la fundi halipo tena.